Behewa la Kulala na Mtani wa Ghorofa ya Tisa

Wanaume wengine wa Flemingdon Park, huku Kanada, umri ulipoanza kuwachanganya, walinunua magari mekundu au walioa kwa siri huko nyumbani. Wangu alinunua behewa. Tena si behewa la kupandwa na mtu. Lilikuwa kidude cha shibiri moja na kidogo, kilichokuja kwenye boksi kikiwa vipande vipande, na maelezo yake yote kwa Kijapani. Nilipomwuliza ni la nini, alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akasema, "Hili ni behewa la kulala, mke wangu. La zamani. Siku hizi hayapo tena." Nikamwambia alhamdulillahi, kama hayapo basi tuendelee na maisha.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, enzi zile tunapiga simu nyumbani kwa kadi za kukwangua, zinazokatika kabla hujamaliza salamu. Yeye alikuwa akipakia mizigo ya ndege kule Malton kwa zamu, na kwa basi hiyo ni safari inayomtosha mtu kulala, kuamka na kujuta. Mimi nilikuwa naogesha wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Don Mills. Tulikuwa na binti mmoja, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri sana, halafu anakujibu kwa Kiingereza. Na tulikuwa na meza moja ya kulia chakula. Nasema tulikuwa nayo, kwa sababu behewa lilipoingia, meza ilihama na sisi tukaanza kula sahani zikiwa mapajani.

Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora, mtoto wa mjini pale karibu na stesheni, kwa hiyo mapenzi ya treni niliyaelewa. Nisichokielewa ni Ujapani.

"Si ujenge treni ya kwenu?" nilimwuliza. "Japani wewe unaijua kwa vibandiko vya masanduku tu."

Akaweka kibano chini, akanieleza taratibu, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi wa mwisho. Duniani kote hakuna mtu anayeuza mfano wa treni ya Tabora. Ametafuta. Za Waingereza zipo, za Wajerumani zipo, za Wamarekani hata usiulize. Lakini inayofanana na ya kwetu ni ya Wajapani. Reli zao nyembamba kama zetu, na behewa hili la zamani lina vitanda vitatu upande huu na vitatu upande ule, cha chini, cha kati na cha juu, sawasawa na daraja la pili alilopanda utotoni na mama yake kwenda Dar. Yeye alikuwa analazwa kitanda cha juu, na mama yake anasimama chini anamshika mguu mpaka apate usingizi, asije akaanguka treni ikipiga breki. Aliposema hivyo niliacha kumcheka kwa muda, nikaenda kupika.

Sikuacha kwa muda mrefu. Nyumba ilinuka gundi na rangi mpaka wali wangu wa nazi ukapoteza heshima. Alipaka ubavu wa behewa bluu mara nyingi kuliko nilivyopaka kucha zangu tangu niolewe. Alichonga vimito vya kulalia vya ukubwa wa punje ya maharage. Abiria walikuja wakiwa Wajapani waliovaa suti; akawageuza wote weusi kwa brashi ya nywele mbili tatu, akamfunga mmoja kilemba, mwingine akampa kikapu. Kitanda cha juu aliweka kuku. Nikamwambia Wajapani hawawezi kukubali kuku, akajibu kwamba hakuwauliza.

Halafu madirisha yakataka mapazia. Sikuambiwa. Nilijua siku ya harusi moja Unionville, nimejifunga kanga yangu mpya kutoka Tanga, nageuka kucheza, shoga yangu ananinong'oneza, "We mwanamke, panya wameingia kwenu?" Pembe yote ya kanga ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka kabisa. Nilirudi nyumbani nikalikuta behewa limependeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ugonjwa wenyewe aliuokota huko huko Unionville, kwenye kikundi cha wastaafu wanaokutana ukumbini na treni zao ndogo. Nilikwenda mara moja. Wazee wa watu wamevaa vizibao vyenye mifuko kila mahali, wamepanga milima, madaraja na vijiji juu ya meza, na kila baada ya hatua kuna kibao: tafadhali usiguse. Hakuna anayecheka, hakuna anayepiga kelele. Ukipita karibu wanakutabasamia kwa meno ya mbele, huku macho yamekodolea mikono yako. Mume wangu alipapenda mno. Wiki hiyo hiyo akaandika kibao chake, kwa Kiingereza na Kiswahili, akakisimamisha juu ya meza sebuleni kwetu. USIGUSE. Sebuleni kwetu, jamani, nyumba ambayo mgeni akija hata chumba cha kulala anaingia kuangalia kama tumenunua pazia jipya!

Sasa nimseme huyo shoga yangu aliyeona kanga. Alikuwa Mzaramo, mwanamke wa makamo, anakaa ghorofa ya tisa, sisi ya sita. Mimi naye tulikuwa wa kufa na kuzikana. Lakini kwa mume wangu alikuwa mtani, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Kwa asiyejua, mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anaingia jikoni anafunua sufuria, anachukua kitu chako anaondoka nacho, na wewe ruhusa yako ni moja tu, kumlipizia kwa mzaha. Ukikasirika, umeharibu. Na msibani ndiko kwenye kazi yake kubwa. Wengine wakilia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anadai hiki na kile, anavuruga, mpaka mfiwa acheke bila kupenda.

"Mnyamwezi we!" alikuwa anaanza tangu mlangoni. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe umepanda ndege, umevuka bahari, umekuja kubeba nini? Masanduku! Nyinyi mmeumbiwa mizigo!"

"Na nyinyi mlituona tunapita nayo," anajibu mume wangu, "mkakaa kitako mnapiga ngoma. Mpaka leo hamjainuka."

Mume wangu si msemaji. Kazini alikuwa anakwenda kimya na anarudi kimya, na nilikuwa namwonea huruma. Akija huyu mtani wake ndipo tumbo lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko, na mimi nilikuwa nampenda shoga yangu kwa hilo pia.

Behewa lilipokamilika, wazee wa Unionville wakamwambia Jumamosi alete, kuna maonyesho. Ungedhani ameitwa Ikulu. Siku mbili kabla, mtani wake akashuka kutuletea maandazi. Mimi nilikuwa kazini, mume wangu kazini, binti yupo peke yake. Shoga yangu akasimama mbele ya meza, akasoma kibao kwa sauti. "Usiguse? Mimi?" Akalibeba behewa, na kuku wake, na mapazia yake ya kanga, akalilaza ndani ya kapu la maandazi. Akamwambia binti, "Mwambie baba yako Wazaramo wamepanda treni yake, na hawana tiketi." Akapanda zake ghorofa ya tisa.

Binti wa Kanada alimweleza baba yake alivyoelewa. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba shangazi wa juu ameiba.

Mimi niliteremka kwenye basi, nikaingia jengoni, nikamkuta mume wangu chini na nguo zake za kazi, amesimama na mlinzi wa jengo wanasubiri lifti. Nikadhani bomba limepasuka. Nikaingia nao.

"Kuna nini?"

"Wizi," akasema.

"Yarabi! Wamechukua nini?"

"Behewa."

"Nani kachukua?"

Akawa anatazama namba za lifti zinavyowaka. Ilipopita ya sita bila kusimama, nikaelewa tunakwenda kwa shoga yangu.

Shoga yangu alifungua mlango mwenyewe, mikono imejaa unga. Alipomwona mlinzi, uso ulimng'aa kwa furaha. Alidhani mtani wake leo amempatia kweli, ameleta mpaka mtu mwenye sare! Akanyanyua mikono yote miwili juu. "Haya, nimekamatwa! Nifungeni, lakini mniache nimalizie kukaanga!" Akacheka mpaka jirani akafungua mlango. Mlinzi, kijana wa watu mwenye adabu, akamwuliza mume wangu kama mali iliyomo humo ndani ni yake. Shoga yangu akawa anamtazama Mnyamwezi wake, anasubiri acheke. Anasubiri tu. Mume wangu akajibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, ni yake.

Kicheko kikakatika. Akajifuta unga kwenye kanga, akaingia ndani, akarudi na behewa amelifunga kwa taulo safi. Akampa kwa mikono miwili.

"Samahani sana kwa usumbufu, kaka," akasema, akafunga mlango taratibu.

Kaka! Yeye ambaye hakuwahi kumwita kwa jina lolote ambalo ningeweza kulirudia mbele ya mama yangu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tulipofika kwetu nilimfokea mume wangu mpaka binti akajifungia chooni. "Umemwitia mtani mlinzi? Umerogwa na wale wazee wa vizibao?" Akasema lingevunjika, na Jumamosi ilikuwa karibu. Jumamosi akaenda. Akarudi jioni. Nikamwuliza wamesemaje. Akasema wamesema ni zuri sana. Nikamwuliza na nini tena. Akasema basi, zuri sana.

Na hapo ndipo adhabu ilipoanza, nayo ilikuwa heshima. Shoga yangu hakununa, hakumsema kwa mtu, hakuacha kutusalimia. Alimheshimu tu. "Hujambo kaka? Habari za kazi? Pole na baridi." Wakikutana kwenye lifti anasogea ampishe. Binti akasema shangazi amekuwa mtu mwema siku hizi. Nikamwambia nyamaza, hujui unachokiona.

Mume wangu alijaribu, maskini. Siku moja akaanza tu ndani ya lifti, "Nasikia Wazaramo mmehamishia ngoma huku, ndiyo maana hili jengo linatikisika." Shoga yangu akasema, "Pole kaka, tutajirekebisha." Idi moja ukumbini akaona tusi dogo halitoshi, akambebea hotpoti zima la sambusa mbele ya watu, akatoka nalo mpaka kwenye gari la watu waliotuleta. Shoga yangu akamfuata nje, akampa na mfuko. "Chukua tu kaka, zimebaki nyingi. Na chatini hii hapa." Alifika na zile sambusa nyumbani akaziweka mezani, akakaa anazitazama. Hakula hata moja. Nilikula mimi, na nilikula nyingi, maana hasira nazo zinataka nguvu.

Nilipanda ghorofa ya tisa kumwombea. Nikamwambia, shoga, msamehe, mjinga yule.

"Nilimsamehe siku ile ile," akasema, anakanda unga. "Sina kinyongo naye. Utani ndio sina. Mimi sitanii na watu wanaoita mlinzi."

Miaka ikapita hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kisha mama mkwe akaanza kuumwa huko Tabora, leo ana nafuu, kesho amezidiwa. Mume wangu alikuwa anarudi kazini, anakaa mbele ya behewa lake bila kuligusa. Jioni moja nikamkalia karibu. Nilidhani anamlilia mama. Akaniambia, "Mama akienda, nani atanitania? Nitakaa humu ndani watu wananiambia pole, pole, mpaka waondoke. Mama yangu atazikwa kama mtu asiye na kwao." Nikainuka nikamchemshia chai.

Simu ilikuja majira ya baridi, asubuhi. Walimzika alasiri ya siku ile ile, kama inavyotakiwa, hata kabla mume wangu hajajua ndege ipi inaondoka lini. Kwa hiyo tukaweka matanga pale pale ghorofa ya sita. Viti vikatoka, mikeka ikaingia, viatu vya watu vikajaa koridoni. Mume wangu, kabla mgeni wa kwanza hajafika, alikichukua kile kibao cha usiguse akakivunja, akakitia jalalani. Kisha akalitoa behewa mezani akalisogeza kwenye rafu ya karibu kabisa na mlango, pale ambapo anayetoka lazima bega lake liliguse. Nilijua anachokifanya. Alikuwa anatega.

Shoga yangu alikuja siku ya kwanza na wanawake wenzake. Akapika, akaosha masufuria, akamwambia mfiwa, "Pole sana kaka, Mungu ampe kauli thabiti." Akalipita behewa kama boksi la tishu. Siku ya pili vile vile. Watu walisema mume wangu amejikaza kiume, halii. Hawakujua kwamba hasikilizi hata dua, macho yako mlangoni.

Siku ya tatu tukasoma hitma. Wageni wamekula, wameanza kutafuta makoti. Mara nikasikia kitu kinagonga sakafu kutoka jikoni. Ko. Ko. Ko. Akatokea kizee amejifunga kanga mpaka kichwani, mgongo umepinda, anaegemea mti wa ufagio. Mama mkwe aliwahi kuja kututembelea mara moja, kiangazi, akakataa katakata kupanda lifti, akawa anapanda ngazi huku anazilaani moja moja. Kizee yule alikuwa anapanda ngazi pale pale kwenye mkeka wangu, goti kwa goti, anapumua vile vile, anasonya vile vile. Nilishika mdomo.

"Mwanangu yuko wapi?" kikasema, kwa lafudhi ya Tabora tupu. "Nimetoka kaburini na matope yangu. Nimesikia huku Kanada una mali! Nimesikia mtu akikugusia kidude chako unamwitia mlinzi! Haya, mwite! Mwite anikamate na mimi, sina viza!"

Mzee mmoja wa Kikenya aliyekaa karibu na dirisha, ambaye mambo ya watani hayajui, alitaka kuinuka amtoe. Nikamkalisha.

Kizee kikamsogelea mume wangu, kikamnyooshea ule ufagio puani. "Mimi nimesimama kwenye treni toka Tabora mpaka Dar nimekushika mguu usianguke. Kumbe nilikuwa namshika mwanga! Ningejua ningeuachia!"

Kilichomtoka mume wangu mwanzoni kilikuwa kama kikohozi. Kisha tumbo likaanza kutikisika. Akacheka, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na hapo kicheko kikageuka, kilio cha siku tatu kikaja chote kwa pamoja. Alilia kwa sauti kubwa, bila leso, mbele ya watu wote. Na kizee kimesimama mbele yake, mgongo umenyooka sasa, na chenyewe kinalia, huku kinamtukana ukoo wake mmoja baada ya mwingine. Na mimi nililia, nisiseme uongo.

Watu walipotulia, shoga yangu akatupa ufagio, akaelekea mlangoni. Akasimama kwenye rafu. Akalinyanyua behewa, akachungulia mapazia ya kanga, akamtazama na yule kuku, akalirudisha. "Hiki baki nacho. Treni gani hii haifiki hata barabara ya Eglinton hapo nje." Akatoka.

Dakika chache baadaye mume wangu akainuka awasindikize wageni hadi kituo cha basi. Akatafuta buti zake koridoni. Tukatafuta sote. Buti za theluji, jozi pekee aliyokuwa nayo, na kesho ana zamu Malton. Mzee wa Kikenya ndiye aliyekuwa amemwona yule mama akiingia kwenye lifti na buti za kiume kwapani. Alikuwa amechukia kweli. Akauliza kama akimbie kwa ngazi amuwahi.

Mume wangu alikuwa amesimama na soksi kwenye maji ya theluji ya viatu vya watu, macho mekundu, anatazama mlango wa lifti uliofungwa.

"Mwache aende nazo," akasema. "Ni mtani wangu yule."